Chekeche Lisilosikia Jibu

1

Taa ya Chekeche, mtambo wa kuchuja watu mpakani, iliwaka nyekundu saa tatu asubuhi, na Asumini Mtalika wala hakushtuka. Ilikuwa ikiwaka mara mbili au tatu kila siku. Mtu akishachekecha watu kwa miezi minane, nyekundu humwia rangi tu kama rangi ya nyanya. Aliinua macho kutoka kwenye kioo cha mezani, atazame nani kanaswa leo.

Lahaula!

Katikati ya Daraja la Mkwaya, mbele ya foleni ya wakimbizi iliyopotelea ng'ambo ya Ruvuma, alikuwa amesimama Gallus Gama, fundi pampu, Mngoni wa Peramiho, mtani wake. Alivaa ovaroli iliyokauka tope magotini, na begani kabeba vali ya chuma kubwa kama kichwa cha mbuzi. Askari walimwamuru ainue mikono. Akainua mmoja.

"Miwili!" askari akafoka.

"Huu mwingine umebeba maji ya watu elfu arobaini," Gallus alijibu. "Kambi nzima ya wakimbizi siku ya tatu leo haina tone. Nikiuinua, vali utaishika wewe?"

Askari akamsogezea bunduki. Gallus akageuka atafute mtu mwenye akili, na macho yake yakakutana na ya Asumini nyuma ya dirisha la kibanda. Uso ukamchanua.

"Aaa! Kumbe mateka wangu ndiye bosi hapa! Asumini! Waambie hawa wanifungulie, la sivyo leo nakuzika mzima mzima, na hilo dirisha lako nalifanya jeneza!"

Kwenye kioo cha Asumini, namba tisini na moja kando ya jina la Gallus ilipanda ikawa tisini na tatu.

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Myao gani angekosa jibu la hapo? Angemwambia, babu zenu walikimbia kutoka Uzuluni mbio mpaka Songea na hadi leo bado mnahema, wewe utamzika nani? Lakini kanuni ya kwanza ya kibanda ilisema mchekechaji hasemi na anayechekechwa. Asumini akafumba mdomo, akatazama meza.

Gallus alisubiri. Tabasamu lilikaa usoni kwa muda, kisha likaanza kumtoka polepole, maana mtani asiyekujibu amekwambia kwamba utani umekwisha. Wakamfunga mikono nyuma. Vali ikaanguka kwenye lami, na hakuna aliyeiokota.

2

Wafagizi walianza na mifagio ya kweli, na hili watu hawapendi kulikumbuka. Miaka sita nyuma, ng'ambo ya mto, vijana thelathini wa mji wa Lukwale walijitokeza alfajiri wakafagia soko lote, mitaro na vyoo, bila kuombwa. Wazee wakawabariki. Wafanyabiashara wakawapikia uji. Mwezi wa pili wakafagia walevi. Wa tano wakafagia wachuuzi waliopunja mizani, na watu bado walipiga makofi, nani asiyemchukia mpunjaji? Kufika mwaka wa pili walikuwa wanafagia walimu, manesi, na yeyote aliyecheka msibani. Walisema masihara ni takataka za ulimi. Nyumba iliyokusudiwa iliamka ikakuta ufagio mpya mlangoni, na kesho yake nyumba haipo.

Wakavuka mpaka mara ya kwanza mwaka wa nne. Barabara ya korosho ikafa, shule zikageuka makambi, nchi jirani zikaanza kulaumiana redioni nani aliwalea. Mwisho nchi tatu zikakaa, zikatia saini, na Chekeche likazaliwa.

Na mmoja wa wakunga wake alikuwa Asumini mwenyewe. Yeye ndiye aliyelifundisha Chekeche lugha ya kusini. Kila nguzo ya ukanda wa mpaka ilifungiwa sikio la kunasa sauti, kila simu ilipitia humo, na Chekeche lilipima mazungumzo ya siku thelathini ya kila mtu. Lilipima nani anamtishia nani, mara ngapi, kwa sauti ya namna gani. Mtu akivuka alama themanini, hakimu hakuna. Gari linaondoka saa sita mchana kwenda Kambi ya Kisima, na kutoka Kisima hajarudi mtu hata mmoja. Rufaa zipo, ndiyo. Zilikuwa elfu tisa kwenye foleni makao makuu.

Utani Asumini hakuusahau, msimwonee. Alipokuwa akilifundisha, wakubwa walitaka atupe kanda zote za matusi ya watani kwa kuwa ni uchafu, naye akakataa katakata. Alikaa wiki saba akilionyesha Chekeche kwamba tishio likijibiwa kwa tishio, kukawa na kicheko katikati, lile si tishio, watu wanapendana. Alilijaribu kwa Wangoni na Wayao, kwa wakwe na mashemeji, na lilipatia kila mara. Alijivunia jambo hilo kuliko cheti chake cha chuo.

Sasa ikawaje?

Akafungua jalada la Gallus. Akavaa vipokea sauti, akatafuta siku ya kwanza.

Ilikuwa siku moja baada ya maziko ya baba yake Asumini, pale Tunduru. Siku ya maziko Gallus aliruka ndani ya kaburi kabla ya maiti kushushwa, akalala chali, akakunja nne, akatangaza kwamba kaburi ni lake, Wayao wakachimbe jingine, na hatoki mpaka abebwe na wanawake sita. Ilibidi abebwe. Asumini, ambaye kwa siku tatu hakuwa amemeza hata maji, alicheka hadi akakaa chini mchangani. Ndipo machozi yalipotoka.

"Asumini," ilisema sauti ya Gallus masikioni, "baba yako nimemaliza naye. Bado wewe."

Kimya.

"Kaburi lako nimeshalipima. Fupi, maana Wayao mnalala mmejikunja kwa kuogopa madeni ya mababu zenu."

Kimya tena, sekunde kumi na moja. Asumini alizikumbuka sekunde hizo. Alikuwa anacheka, na baada ya kucheka alimtukana Gallus kuanzia kisigino mpaka utosini.

"Sawa. Nakuja Ijumaa. Mjiandae nyote, safari hii simwachi mtu."

Kimya.

Akaruka siku ya pili, ya tisa, ya ishirini. Kila siku mwanamume anatishia kuua, na anayetishiwa hasemi neno. Angekuwa hamjui, angempa tisini na tisa.

Akavua vipokea sauti taratibu. Alikuwa ameelewa. Sauti za watumishi wa daraja hufutwa. Zilianza kufutwa mwezi wa kwanza tu wa kazi, baada ya hazina ya sauti kuvuja na wachekechaji wawili kuuawa. Wafagizi walikuwa wameiba masikio ya nguzoni, wakayaficha masokoni yalinganishe kila sauti na zile zilizovuja, na dada mmoja wa kituo cha juu alitambuliwa kwa kusema maneno matatu, "nipimie nyanya hizo." Tangu hapo mtumishi akiongea, Chekeche hufuta upande wake papo hapo. Amri nzuri iliyookoa roho. Lakini yeyote aliyetaniana na mtumishi, au aliyegombana naye, alibaki anapiga kelele peke yake.

3

"Chai," alisema Bi Somoe, akaingia na birika.

Somoe alikuwa mpishi wa kituo, mwanamke wa Kimwera mwenye sauti nene na mkono mwepesi wa chumvi. Kila asubuhi alimletea Asumini chai ya tangawizi, hata baada ya mwezi wa nne, mumewe alipopelekwa Kisima. Alama themanini na sita. Asumini ndiye aliyegonga muhuri.

Asumini aliitazama ile chai, na wazo likamjia kama maji ya baridi mgongoni.

"Bi Somoe, wewe na mumeo mlikuwa mkigombana kwenye simu?"

"Nani hagombani na mume?" Somoe alicheka kidogo, bila furaha. "Yule! Alikuwa akisema nitakuchoma na hiyo nyumba yako. Namwambia njoo, kiberiti kipo, mwanamume gani wewe usiyejua hata kuwasha jiko? Basi jioni anakuja na samaki."

Asumini akaligeukia tena jalada la Gallus.

"Kwa nini unaniuliza?"

Angeweza kudanganya. Alifikiri kudanganya, tusimfiche. Lakini mwanamke huyu alikuwa amemtilia tangawizi miezi minne mfululizo, akidhani kwamba mumewe alikuwa na siri asiyoijua.

"Chekeche halikusikia ulivyomjibu," alisema. "Wewe ni mtumishi. Sauti yako inafutwa. Lilimsikia yeye tu."

Somoe alisimama na birika mkononi. Kisha akachukua kikombe kutoka mbele ya Asumini, akatoka nacho mlangoni, akaimwaga chai yote chini.

"Na leo umejuaje?" akauliza bila kugeuka.

"Kwa sababu leo kakamatwa wa kwangu."

"Ehee." Somoe aligeuka sasa. Macho yalikuwa makavu. "Wa kwangu alipokamatwa uligonga muhuri ukanipa pole. Wa kwako kakamatwa, ndiyo umekumbuka kufungua jalada. Kikulacho ki nguoni mwako, wallahi. Sasa utafanya nini?"

"Kuna ufunguo. Sauti zilizofutwa zimefungiwa kando tangu mwanzo, na kila mtumishi anaweza kufungua yake mwenyewe. Ikishafunguliwa haifungiki tena, inaingia kwenye hazina ya nchi tatu."

"Ile inayovuja."

"Ile inayovuja."

Somoe akaifuta birika kwa kanga yake, polepole, kana kwamba ndiyo kazi pekee iliyobaki duniani.

"Fungua ya kwako kwanza," alisema. "Nikiona umefungua, nitajua la kufanya na yangu."

4

Meja Kivuyo, mkuu wa kituo, alikuwa mwanamke mrefu kutoka Monduli asiyepandisha sauti. Alimkuta Asumini amekwisha kuingiza nusu ya namba za ufunguo. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika ishirini.

"Mama, toa mkono hapo."

Asumini akautoa mkono. Akaeleza. Alieleza haraka, maneno yakimgongana, akataja kaburi la baba yake, wanawake sita, na sekunde kumi na moja. Meja alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwetu hatuna utani wa kulaliana makaburini," alisema. "Lakini nakuamini. Yule bwana si Mfagizi. Mfagizi hacheki, na huyu hata kwenye pingu anawauliza askari wangu nani kawashonea hizo suruali."

"Basi mwachie!"

"Siwezi, na unajua siwezi. Nikimwachia mmoja kwa kuwa mchekechaji anamjua, kesho kila mchekechaji ana binamu. Wiki iliyopita dereva wangu alipita kijiji tulichokiamini kwa maneno ya mwenyekiti. Unajua tulichokikuta cha kuzika?"

Asumini alijua. Ilikuwa kofia.

"Ukifungua hiyo sauti," Meja aliendelea, "hutanunua tena hata chumvi kwa mdomo wako. Hutaitikia salamu sokoni. Mama yako yuko Tunduru, sivyo? Akikupigia simu utakohoa? Nitakuombea uhamisho, lakini mpaka ujibiwe, mimi sina askari wa kukulinda wewe na yeye."

"Na Gallus?"

"Andika rufaa."

"Ya elfu tisa na moja."

Meja akageukia dirisha. Nje gari la Kisima lilikuwa limeshafika, lile refu lisilo na madirisha, linalokwenda kwa jua na halina hata mngurumo. Askari walianza kuwapanga watu watatu wa siku hiyo.

Asumini alikuwa mwoga, na alilijua hilo tangu utotoni. Alikuwa mtu wa kufunga mlango mara mbili. Alimfikiria mama yake, aliyezoea kumpigia kila magharibi kumuuliza amekula nini, na jinsi yeye mwenyewe atakavyonyamaza upande wa pili. Akafikiri, Gallus hana mke wala mtoto. Wazo lenyewe likamtia aibu, kwani tangu lini roho ya mtu ikahesabiwa kwa wanaomlilia? Akafikiri tena, labda Kisima si pabaya hivyo. Hapo akajichukia kabisa. Miezi minane alikuwa amejiambia hivyo hivyo kila alipogonga muhuri, tena akaenda kula wali.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wazee walisema hivyo kumtisha mchimba fitina. Hawakusema kama anaweza kuingia kwa hiari ili amtoe mwenzake.

"Meja," alisema, "kanuni inanikataza kufungua sauti yangu?"

Meja Kivuyo aliangalia saa. Akaangalia gari. Akavua kofia yake, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Hapana," alisema. "Kanuni inanitaka nikuonye tu. Nimekuonya."

Asumini akamalizia namba. Akakosea ya mwisho, akarudia.

5

Chekeche lilichukua dakika nne. Kwenye kioo vilima vya sauti vilianza kuota mahali palipokuwa tambarare, kimoja baada ya kingine, siku thelathini za Asumini Mtalika akicheka, akitukana, akiapa kumuuza Mngoni kwa kilo mbili za chumvi na arudishiwe chenji. Tisini na tatu ikashuka ikawa sabini. Ikakwama. Asumini akashika meza. Ikashuka tena, arobaini, ishirini na tano, kumi na mbili.

Kisha nguzo zote za daraja zikasema kwa pamoja, kwa ile sauti ya upole aliyoichagua yeye mwenyewe kati ya sauti ishirini: "Sauti mpya imesajiliwa. Asumini Mtalika. Mchekechaji mkuu. Daraja la Mkwaya."

Foleni nzima ilisikia. Nani alikuwemo katika foleni ile, na nani alikuwa na sikio la wizi chini ya shuka, Mungu ndiye ajuaye.

Bi Somoe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Alikaza kanga kiunoni, akapita mbele ya Asumini bila kumtazama, akaketi kwenye kiti cha Meja mbele ya kioo cha pili.

"Nionyeshe nibonyeze wapi," alimwambia Meja.

Asumini akatoka nje. Jua lilikuwa la utosi. Walikuwa wanamfungua Gallus pingu nyuma ya gari, naye alikuwa anatazama juu, kwenye nguzo iliyokuwa imesema. Uso wake ulikuwa umekwisha kuelewa. Alikuwa mtu wa ukanda ule, na habari ya dada wa nyanya aliijua kama kila mtu.

Akaokota vali yake kwenye lami. Akaipangusa kwa mkono wa ovaroli. Alipofika mbele ya Asumini akasimama wima, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesalimia wakwe.

"Ahsante sana, dada Asumini," alisema. "Mwenyezi Mungu akulinde."

Dada! Miaka kumi na tano, tangu wakiwa shule ya sekondari, mtu huyu hajawahi kumwita dada. Alipofaulu alimwita mwizi wa mitihani. Alipougua alimletea sanda ya karatasi. Mngoni hamheshimu Myao wake hata mara moja maishani, ila siku ambayo utani hauwezekani tena, siku ambayo anayetaniwa amekwisha kuwa marehemu. Na huyu alikuwa amesimama pale, kichwa chini, akimpa heshima.

"Usiniite hivyo," alisema.

"Dada, mimi..."

"Gallus, usiniite hivyo!" Sauti yake ilipasuka juu ya daraja, ile sauti iliyokuwa sasa haina pa kujificha, na hakujali. "Nitukane! Mimi sijafa! Nimekaa kimya asubuhi hii mara moja tu, na sitakaa tena. Babu zako walikimbia kutoka Uzuluni mpaka Songea na bado mnahema, nawe leo unanipigia magoti kama bwana harusi? Nitukane, Mngoni wewe!"

Gallus akaihamisha vali kutoka bega hili kwenda bega lile. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, wala hakuyafuta, mikono yote miwili ilikuwa imeshika maji ya watu.

"Kaburi lako," alisema mwishowe, kwa sauti iliyokwaruza, "nitalichimba fupi, Myao wewe. Utalala umekunja magoti. Na nitalala humo kabla yako, na safari hii wanawake sita hawatoshi."

Asumini alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, lakini kilikuwa kicheko.

Kwenye nguzo juu yao, Chekeche lilimsikia mmoja, likamsikia na wa pili, likawasha taa ya kijani.